Safu Mbili Zinazofanana

Mnyapara wa moto, msimamizi wa wachomaji wa idara ya misitu, alikuwa bado ananuka moshi. Siku ya nne hiyo, na askari wa zamu walishampa ndoo ya maji na kipande cha sabuni mara mbili, lakini moshi ulikuwa umemwingia mpaka kwenye kucha. Alikaa mikono juu ya meza, ametulia, kama mtu anayengoja kupigwa sindano.

Mbele yake alikaa sajini wa upelelezi, mwanamke wa makamo ambaye kituo kizima kilimwita Kobe kwa jinsi asivyokimbilia jambo. Jina hilo alilijua na hakulikataa. Alifungua daftari, akaweka kalamu katikati, akamwambia mnyapara aanze tena upya, kuanzia kwenye redio.

Mnyapara akaeleza kwa mara ya tatu. Alhamisi ile, tarehe ishirini na tatu, ilikuwa siku ya kuchoma moto wa mpango katika ukanda wa msitu ulio juu ya kijiji. Idara ya misitu huuchoma makusudi kila mwaka, kidogo kidogo, ili majani makavu yasije yakalisha moto mkubwa wakati wa kiangazi. Lakini hakuna anayechoma kwa kutaka kwake. Lazima kwanza mzee wa mnara, yule anayekaa kileleni na kupima hewa, asome vipimajoto vyake viwili saa tatu asubuhi na kutoa tofauti kwa redio. Tofauti ikiwa ndogo, hewa ina unyevu na moto utatambaa. Ikizidi nane, hewa ni kavu, hakuna kuchoma.

"Akasema sifuri," mnyapara alisema. "Nikamwambia mzee, rudia. Akarudia. Sifuri."

"Ukaamini?"

"Afande, yule mzee ana miaka thelathini na mmoja pale juu. Mimi nilipoanza kazi nilikuwa sijaota ndevu, yeye alikuwa anasoma. Hajawahi kukosea. Na asubuhi ile bondeni kulikuwa na ukungu, nyasi zina umande, nikaona inaingia akilini. Halafu pia," akasita, "tulikuwa tumemzika mkewe mwanzoni mwa mwezi. Mtu ametoka msibani, utambishia namba?"

Akawasha saa tatu na nusu. Kufika saa tano ukungu ulikuwa umeondoka wote, na moto ukabadilika sauti. Kabla ya hapo ulikuwa unanong'ona, alisema, sasa ukawa unachana, kama mtu anachana shuka. Ukaruka barabara ya kuzuia moto, ukaingia kwenye lundo la magamba ya magogo pale palipokuwa na kiwanda cha mbao zamani. Lundo lile likafukuta siku mbili, na moshi ukashuka kijijini ukajaa kama maji kwenye bakuli.

Ijumaa asubuhi fundi cherehani mmoja, mwanamke mwenye pumu, alikutwa amekufa nyumbani kwake.

Kobe alimwuliza jambo moja la mwisho. Je, alishawahi kuviona hivyo vipimajoto kwa macho yake? Mnyapara akatabasamu kwa mara ya kwanza, akasema kile kilima kinapandwa na mbuzi na yule mzee tu. Ofisini hakuna aliyepanda, labda miaka kumi hii. Karatasi za vipimo hushushwa kila mwisho wa mwezi na gari la chakula, huwekwa kabatini, na kabati hufungwa.

Mkuu wa kituo hakutaka maelezo mengi. Daftari la vipimo, lililoshushwa na dereva wa gari la chakula, lilikuwa mezani kwake tangu Ijumaa, limefungwa kwenye mfuko wa nailoni na kupewa namba ya kielelezo. Alilifungua mbele ya Kobe, akapitisha kidole. Safu ya kwanza, kipimajoto kikavu. Safu ya pili, kipimajoto cha utambi. Tangu tarehe tano mpaka tarehe ishirini na tatu, asubuhi, mchana na jioni, safu zote mbili zilikuwa na namba zile zile. Ishirini na moja, ishirini na moja. Ishirini na sita, ishirini na sita. Siku kumi na tisa.

Mkuu alikuwa ameshaipanga kesi yake. Ofisi ya misitu ilikuwa imemwandikia mnyapara barua kwamba ukanda wote uwe umechomwa kabla ya mwisho wa mwezi. Mzee, mwenye majonzi na macho yaliyochoka, akakubali kunakili safu ya kwanza kwenye ya pili ili tofauti iwe sifuri na kazi iende. Wawili hao wamekula njama. Kesho saa nne asubuhi mnyapara anafikishwa mahakamani kwa kuua bila kukusudia na kughushi vipimo, na mzee atafuatwa wiki ijayo akishapatikana mtu wa kumshusha.

"Wanakijiji wako nje ya ofisi ya misitu tangu jana," mkuu aliongeza. "Wanataka jina. Sisi tunalo."

Kobe aliomba kulitazama daftari. Alilitazama muda mrefu mpaka mkuu akaanza kupanga karatasi ambazo zilishapangwa. Kisha akasema kwamba mtu anayeghushi angeweka walau moja hapa, mbili pale, ili ipendeze machoni. Huyu hakujali kupendeza. Na kitu kingine, mwandiko haukubadilika. Wino ni ule ule, saa ni zile zile, hata siku ya mazishi ya mkewe mzee alikuwa amesoma mara tatu.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nipe leo, mkuu. Mpaka jioni."

"Kobe, kesi inakwenda kesho ukiwepo usiwepo."

"Ndiyo maana nasema leo."

Zahanati ilikuwa njiani, akapita. Muuguzi alikuwa peke yake, anafua barakoa za mvuke kwenye beseni, moja moja, na kuzitundika kwenye kamba dirishani. Ukutani, juu ya rangi nyeupe, kulikuwa na tabaka jembamba la kijivu pale masizi yalipokuwa yametua, na mahali palipotundikwa kalenda palibaki peupe. Alimpa Kobe benchi na rejista.

Watu arobaini na watatu kwa siku moja na nusu. Kifua, macho, kutapika. Wazee, wajawazito, watoto wa shule ya awali. Mtungi wa oksijeni mmoja. Muuguzi alieleza kwamba aliwapanga kwa zamu, kila mtu dakika kumi, saa ya mkononi akiwa ameivua na kuiweka juu ya mtungi. Maji ya chemchemi nayo yalikuwa yameanza kuja na majivu, na tangu Jumamosi anawaambia watu wachuje kwa kitambaa, wanamwuliza kitambaa kipi, maana fundi wa vitambaa ndiye aliyekufa.

Hakucheka aliposema hivyo, na Kobe naye hakucheka.

"Yeye hakuja?" Kobe akauliza. "Simwoni hapa."

"Alikuja." Muuguzi aliikamua barakoa aliyokuwa nayo mkononi. "Alhamisi, saa nane mchana. Alikaa pale ulipokaa wewe. Ilipofika zamu yake akaingia mama mwenye mimba anahema vibaya, yeye akanyanyuka, akasema dada, mpe huyu kwanza, mimi nimepata nafuu kidogo. Sikuwa nimeshamwandika. Nilipogeuka alishaondoka."

"Nyumbani ana nani?"

"Hana mtu. Ndiyo shida yake. Angekuwa na mtu wa kumsikia usiku, angebebwa akaletwa. Alikutwa asubuhi na mteja aliyefuata sare ya mtoto. Alikuwa ameegemea cherehani, sare ipo chini ya sindano, mkono mmoja umeshashonwa."

Kobe aliandika saa nane. Akaandika pia kwamba mtungi ulikuwa mmoja. Akauliza lile lililomleta: Alhamisi hewa ilikuwaje, kavu au yenye unyevu? Muuguzi alimwonyesha midomo yake iliyopasuka. Alisema kwa wiki tatu nzima anajipaka mafuta midomoni kama mtoto mchanga, na nguo anazianika saa mbili, saa nne zimekauka kau. Ukungu wa asubuhi ni wa bondeni tu, hauna kitu. Unyevu? Nani kasema kuna unyevu?

Basi mtu mmoja alisema sifuri, na nguo za zahanati zikasema vingine. Mmoja kati ya hao alikuwa na sababu ya kusema uongo, au hakuna aliyekuwa nayo.

Gari la polisi lisingeweza kupanda kileleni. Kobe aliazima la misitu, lenye redio ya mawasiliano inayokwaruza chini ya usukani, akaliendesha mwenyewe. Alipita ukanda uliochomwa. Pande zote mbili shina za miti zilikuwa nyeusi mpaka urefu wa mtu, na chini majivu hayakuwa na hata wayo wa ndege. Kule kwenye lundo la magamba bado kulikuwa na uzi mmoja wa moshi. Hakukutana na mtu. Barabara ilipokwisha aliegesha, akatembea nusu saa iliyobaki kwa mwendo wake ule ule.

Mzee wa mnara alikuwa amekaa barazani, amevaa koti la kazi lililofungwa vifungo vyote, kana kwamba aliambiwa kuna ukaguzi. Kobe alimwamkia shikamoo, mzee akaitikia marahaba mwanangu, akaingia ndani kumtafutia kiti. Alikawia. Kobe alimsikia akifungua kabati, akafunga, akafungua jingine. Alirudi na kiti, na baada yake akaleta chai iliyokuwa na majani mengi kuliko maji, akaomba radhi kwamba hajui bado vitu vinakaa wapi.

Nyumba ilikuwa chumba kimoja na jiko la nyuma. Kitanda kilitandikwa upande mmoja tu. Kwenye msumari kando ya mlango wa jiko kulikuwa na kopo dogo lenye mfuniko, limefungiwa kamba.

Mzee hakusubiri kuulizwa. Alisema ameshasikia kwenye redio watu wakisema kwamba aliandika uongo, na kwamba kama ni yeye wanayemtaka wamchukue, lakini namba zile alizisoma kwa macho yake. Kobe akamwambia asome sasa, yeye atazame tu.

Wakatoka. Mbele ya nyumba, hatua kama thelathini, kulikuwa na kisanduku cheupe juu ya miguu minne, chenye mbao za kuachia hewa ipite. Kutoka barazani hadi kisandukuni kulikuwa na kijia kilichochakaa vizuri, udongo mtupu, upana wa miguu miwili. Mzee alipita hapo. Kobe alibaki nyuma kidogo. Alikuwa ameona kijia cha pili. Hicho kilitoka mlango wa jiko, kikazunguka pembe ya nyumba, kikafika kisanduku hicho hicho kwa upande wa nyuma. Nacho kilikuwa kimechakaa kwa miaka, kimezama kabisa, ila katikati yake nyasi changa zilikuwa zimeanza kuota. Urefu wa kidole.

Nyuma ya kisanduku, kijia kilipoishia, kulikuwa na kigoda.

"Hiki cha nani, mzee?"

"Cha mama," alijibu bila kugeuka. "Alikuwa mfupi." Hakusema alikitumia kufanya nini, na ilionekana hakuwahi kujiuliza.

Akafungua mlango wa kisanduku. Vipimajoto viwili vilisimama pamoja. Cha pili kilikuwa kimevishwa utambi wa pamba kwenye kichwa chake cha chini, na utambi ule uliingia kwenye kichupa cha kioo. Mzee aliinama, akafumba jicho moja, akasoma kwa sauti ya kazi, ile ya redioni.

"Kikavu, ishirini na saba. Cha utambi, ishirini na saba."

Hakudanganya. Kobe alisogea akaona mwenyewe. Zebaki ilikuwa palepale katika vyote viwili. Kisha akatazama chini zaidi. Utambi ulikuwa wa manjano, mgumu, umekunjamana. Kichupa kilikuwa kikavu, na ndani yake kulikuwa na duara nyeupe za chumvi, moja chini ya nyingine, jinsi maji yalivyokuwa yakishuka siku kwa siku bila kuongezwa.

Alikuwa na nakala ya kurasa za mwezi ule ndani ya daftari lake. Akazifungua. Tarehe moja, tofauti saba, sita, saba. Tarehe mbili, siku ya mazishi, saba. Tarehe tatu, saba. Tarehe nne asubuhi sita, mchana tatu, jioni moja. Tarehe tano, sifuri, na sifuri, na sifuri.

"Mzee, mama alifariki lini?"

"Tarehe moja. Alfajiri ilipokucha. Aliamka akatoka nje, akarudi, akasema kichwa."

"Alitoka nje kufanya nini?"

Mzee alifikiri. Alisema mke wake alitoka nje kila alfajiri, maisha yote, na yeye hakuwahi kumwuliza. Mtu akitoka nje alfajiri haulizwi. Alikuwa anachukua kopo lake. Yeye alidhani ni la kunawia.

Kobe alirudi kwenye mlango wa jiko, akaliondoa kopo msumarini, akalichovya kwenye pipa la maji ya mvua lililokuwa chini ya mchirizi. Akapita kijia cha pili, juu ya zile nyasi changa. Alipanda kigoda ingawa hakukihitaji, akamimina polepole mpaka kichupa kikajaa. Utambi ulichelewa kidogo, kisha ukaanza kunyonya, ukageuka rangi kutoka chini kwenda juu.

"Sasa tukae," alisema. "Utambi ukilowa, upepo unaupoza. Kisha usome tena."

Walikaa, yeye kwenye kigoda, mzee kwenye jiwe. Upepo ulikuwa unapita kwenye mbao za kisanduku. Chini kabisa kijiji kilionekana, mabati na mti mmoja mmoja, na hakuna sauti iliyofika. Baada ya robo saa mzee alinyanyuka. Aliinama, akafumba jicho moja.

"Kikavu, ishirini na saba," alisema. "Cha utambi..."

Aliinama zaidi. Akaifuta glasi kwa kidole gumba, akasoma upya, na safari hii sauti ya redioni haikuwepo.

"Kumi na saba."

Kobe alisogea kuona.

"Tofauti kumi," mzee alisema. Alikaa chini, si kwenye jiwe, pale pale kwenye majani. Akaanza kusema, na Kobe hakuandika mpaka alipomaliza. Alisema fundi aliyekuja kufunga vipimo, miaka thelathini na mmoja iliyopita, alikuja siku waliyokuwa wanahamia. Yeye mzee alikuwa ameshuka kuchukua godoro. Fundi hakuwa na muda, akamwonyesha mke. Jioni yeye aliporudi fundi ameondoka, mke akampa daftari na kalamu, akamwambia wewe unasoma hapa na hapa, unaandika hapa na hapa. Ndivyo alivyosoma. Alidhani ule utambi unanyonya hewa. Alidhani unakunywa umande.

"Hakuniambia," alisema. "Wala hakunificha. Aliona ni kazi ya nyumba, kama kujaza mtungi."

Halafu akauliza kama yule fundi cherehani aliacha watoto. Kobe akamwambia hapana, alikuwa anaishi peke yake. Mzee akaitikia kwa kichwa mara kadhaa.

"Basi niandike mimi. Yule wa moto mwachieni, alichoma kwa namba yangu."

Kobe alimwambia ataandika alichokiona, yote. Kwamba vipimo havikughushiwa. Kwamba kichupa kilikuwa kikavu tangu tarehe nne jioni, na kwamba ofisi ilipokea sifuri bila kupanda kuangalia, na ilikuwa haijapanda kwa miaka kumi. Nani atabeba kipi, hilo ni la hakimu, na hawezi kumwahidi kwamba yeye hatabeba chochote. Akamsomea maelezo neno kwa neno. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akapewa kalamu, lakini hakutia sahihi.

"Hapo umeandika maji yalitiwa na mke wa shahidi."

"Ndiyo."

"Hana jina?"

Kobe akaitazama karatasi.

"Miaka thelathini na mmoja," mzee alisema. "Daftari zote zile kule kabatini zina jina langu kila ukurasa. Andika lake. Yote matatu, na la baba yake."

Akamtajia, polepole, akirudia herufi pale Kobe alipoinua macho. Kobe aliyakata maneno yale matatu kwa mstari mmoja, akaandika jina juu yake, kamili, kwa herufi kubwa, akatia saini pembeni kuonyesha kwamba sahihisho ni lake. Mzee alilitazama kwa muda. Kisha akatia sahihi.

Ilikuwa inakaribia saa tisa Kobe alipofika kwenye gari. Aliweka maelezo ndani ya jalada, na kichupa kile chenye duara za chumvi, walichokibadilisha na cha akiba kutoka kabatini kwa mzee, akakifunga kwenye kitambaa kama kielelezo. Njia ya kushuka ilikuwa na kona kumi na nne. Kwenye kona ya tano, katikati ya miti ile myeusi, redio chini ya usukani ikakwaruza.

"Mnara," sauti ilisema. "Saa tisa. Kikavu, ishirini na nane. Cha utambi, kumi na saba. Tofauti kumi na moja. Msichome."

Hakuna aliyeitikia. Mnyapara, aliyezoea kuitikia mnara, alikuwa mahabusu, na ofisini redio ilikuwa imezimwa kwa sababu ya watu waliokuwa nje.

Sauti ikasubiri. Ikarudia, kuanzia kikavu.

Kobe alisimamisha gari, akainyanyua ile redio, akatafuta kitufe cha kubonyeza mpaka akakipata.

"Nimepokea, mzee," alisema. "Kumi na moja. Naandika."